Daftari la Stella Nililompa Mwingine Alisome

Mwanangu, wewe unayesoma uuguzi na kuogopa kusimama mbele za watu, kuna asubuhi moja pale Itigi ambayo sijaweza kuitoa moyoni. Mdogo wangu Stella alitoka zahanati na barua mkononi, akanikuta nachuja asali. Ilikuwa miaka ile maduka yameanza kujaa bidhaa tena, na serikali imeanza kupunguza watumishi.

Wazazi wetu walikufa nikiwa darasa la tano. Niliacha shule, nikabaki na wadogo watatu, na tangu hapo mimi ndiye niliyewasemea: kwa mwalimu mkuu, ofisi ya kata, vikao vya ukoo. Kwetu mdogo hasemi mbele za wakubwa; mkubwa wake humsemea. Sikujua njia nyingine ya kumpenda mtu.

Stella alikuwa nesi msaidizi. Siku zile wengi waliamini kwamba mtoto mchanga akiharisha na kupata homa ana meno ya nailoni, meno mabaya yaliyojificha ndani ya fizi, basi wakamchokonoa fizi ili kuyang'oa kwa spoki ya baiskeli. Watoto walikufa. Stella aliandika kwenye daftari habari za kila aliyeletwa, na maneno yaliyowafanya mama wengine wakubali kuacha. Sasa barua ilimwita Dodoma, kwenye mkutano wa wataalamu wa afya, akaeleze aliyoyaona.

"Atakwenda daktari wako wa zahanati," nikamwambia. "Atakusomea."

"Kaka, wameniita mimi."

"Tangu baba afe nani amekusemea? Kwenye kikao cha kugawa ng'ombe wa marehemu, ulifungua mdomo?"

"Nilikuwa na miaka sita, kaka!"

"Kule watakaa wazee wa miwani. Utatetemeka, wakucheke."

"Basi wanicheke mwenyewe."

Sikumsikiliza. Nilichukua daftari, nikampelekea daktari kwa mikono yangu miwili, nikamwomba kwa heshima zote. Alisita, kisha akakubali. Stella hakubishana tena, maana mimi ndiye niliyekuwa baba yake.

Daktari aliporudi alikuja nyumbani. Hakuiba kitu, mwanangu. Alitaja jina la Stella mbele ya wote.

"Waliniuliza mama mwenye hofu anaambiwa nini hasa hata akubali kusubiri," akasema. "Nikakwama."

Stella akajibu palepale, taratibu, kama anayemwambia mama mwenyewe: "Hayo ni meno yake ya kawaida, mama; mnyweshe maji ya chumvi na sukari, ukae naye hapa nami tumwangalie mpaka kesho." Daktari akainamisha kichwa. "Hilo ndilo walilolitaka. Palikuwa na mwalimu wa chuo anayetafuta mtu wa kumsomesha. Nilimwambia yuko nesi Itigi. Akasema hawezi kumchukua mtu ambaye hajamsikia."

Nafasi ile ilikwenda kwa mwingine aliyesimama siku hiyo. Daktari naye, kwa kujulikana pale, aliitwa kwenye kazi kubwa zaidi, akahama. Upunguzaji ulipotufikia walibakizwa wenye vyeti vya juu. Stella alirudishwa nyumbani. Aliomba kazi kila mahali, na kila mahali waliuliza nani anamfahamu.

Mpaka leo ananiamkia shikamoo, ananitengea chakula. Hajanilaumu hata mara moja. Natamani anilaumu. Nimezeeka nikisubiri, na sidhani kama lawama hiyo itakuja.

Kwa hiyo nakuambia: ukiitwa kueleza kazi yako, nenda mwenyewe. Wanaokusikia ndio watakaokuuliza, watakaokukosoa, na watakaokukumbuka nafasi ya masomo au kazi ikitokea. Hata swali litakalokushinda ni faida, utarudi ukijua la kutafuta. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Na kama una wadogo uliowalea kwa jasho, siku wakiweza kusema, nyamaza wasikike. Mimi hilo nimelijua wakati halinisaidii kitu.

Mungu akupe kifua cha kusimama, mwanangu, na akujalie wakubwa wanaojua wakati wa kuketi.