Bibi Alisema Tusiitikie

Enzi zetu kule Haneti, mtoto hakupewa sahani mpaka aseme ameambiwa nini. Bibi mzaa baba, aliyetulea mimi na mdogo wangu Ndahani, alikuwa na maneno mengi jamani. Aanze na mbuzi wa jirani, apite kwenye mawingu, agusie mgongo unaomuuma, halafu atukazie macho: "Haya, nimesema nini?" Ukimrudishia yote kama kasuku, ugali wako wa uwele na mlenda vinabaki mbele yake. Alitaka neno lenyewe, lile ambalo mengine yote yamesemwa kwa ajili yake. Ukijibu, "Twende kuni kabla mvua haijanyesha," hapo unakula. Vijana wa leo unawatumia ujumbe mrefu kwenye simu, wanajibu "sawa mama". Uliza sawa nini, ndipo wanaanza kuusoma.

Ndahani alikuwa na miaka kama sita, mwepesi wa akili lakini ana haraka. Akisikia "kwa hiyo", anadaka kinachofuata na kukimbia nacho. Mara nyingi alipatia, tena akashiba kabla yangu.

Mchana mmoja wa kiangazi, jua la utosi, kuku wamejilaza kivulini, tulisikia sauti ya baba ikitoka korongoni nyuma ya nyumba. Ilimwita Ndahani kwa jina. Mbwa wetu, ambaye baba akitokea kwa mbali tu anaruka, hakuinua hata sikio. Bibi akaweka ungo chini.

"Msiitikie," alisema polepole. "Baba yenu yuko mnadani Mpwapwa, na basi halijarudi. Mbwa naye kalala tu. Kwa hiyo huyo si baba yenu."

Sauti ikaita tena, safari hii karibu zaidi. Ndahani alimtazama bibi, uso umejaa furaha ya mtoto aliyepata jibu, akapaza sauti kuelekea korongoni: "Wewe si baba!"

Bibi alimziba mdomo, lakini alikuwa kachelewa. Kule korongoni kukawa kimya. Bibi alikaa chini akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia. "Nilikuambia usiitikie," alimwambia. "Hayo mengine yalikuwa sababu tu, mjukuu wangu. Sasa hicho kinachoita kimeipata sauti yako."

Kesho yake mchana nilikuwa nachambua majani ya mlenda, Ndahani kaketi ubavuni mwangu, mdomo umejaa karanga. Nikamsikia akiniita kutoka korongoni. "Dada, njoo." Na yeye alisikia. Alinishika mkono, akaendelea kutafuna taratibu.

Niseme wazi kwamba hakudhurika. Alikua, akaoa, akapata kazi Dodoma mjini, sauti yake ikawa nzito. Ila korongo lile hakulikanyaga tena, na ukimwita bila yeye kukuona alikuwa haitikii. Mkewe alizoea kumfuata alipo. Mwaka jana aliugua, akatutoka, tukamzika nyumbani Haneti.

Siku hizi mtu akifa, wanawe wanabaki na sauti yake kwenye simu. Wanabonyeza, wanasikiliza, wanalia, wanacheka. Binti yangu pale Nzuguni anayo ya mjomba wake, ile nzito ya utu uzima, na huwa ananisikilizisha nikimtembelea. Zamani hatukuwa na cha kunasia sauti. Ndahani wa miaka sita, yule aliyeng'oka meno ya mbele, hayumo kwenye simu ya mtu yeyote.

Mimi najua aliko. Nikienda kupalilia kaburi, jua likifika utosini, ananiita kutoka korongoni. "Dada, njoo." Maneno ya bibi nayakumbuka yote, sababu zake na neno lake lenyewe. Najua kabisa kwamba yule si Ndahani. Nakaa kimya namsikiliza mpaka anyamaze, na kila ninapokwenda, kutoitikia kunazidi kunishinda.