Kamashini ka Mkwe Wangu

Nilianguka kutoka juu ya magunia ya mahindi hapa kwangu Kitale, upande wa Kachibora, mguu ukavunjika. Nasema mwenyewe kabla majirani hawajawaambia: nilikatazwa kupanda, nikapanda. Binti yangu akanibeba hadi nyumbani kwake Bungoma, plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Daktari akasema wiki nane bila kukanyaga.

Mguu haukunitisha. Kilichonitisha ni ile nyumba, maana ni ya mkwe wangu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja. Kulala kwake ndiyo aibu yenyewe. Basi akitaka kupita karibu na chumba changu alikuwa anakohoa kwanza, mara mbili, ili nivute pazia la mlango. Mtu mzima, mfanyakazi wa serikali, anakohoa ndani ya nyumba yake kama mgonjwa wa kifua, sababu yangu.

Wiki ya pili nikamwambia binti yangu, "Nirudishe nyumbani."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

"Ukiunga vibaya utatembea kama bata, mama. Na vile wewe unapenda kuingia kanisani ukijionyesha."

Alisema ukweli, lakini begi nilikuwa nimeshafunga.

Kesho yake akaniletea kamashini kadogo, kadiri ya kipande cha sabuni. "Ametuma yeye. Ati ni gemu za zamani, za wakati alikuwa mtoto. Anauliza utaangalia ukuta mpaka lini."

Nilidhani ni redio. Nikakaweka sikioni, nikatafuta waya wa kuvuta. Binti yangu akacheka mpaka karibu aikalie plasta yangu. Halafu akanionyesha: matofali yanaanguka, unayageuza, unayapanga. Mstari ukijaa unapotea. Ukiacha mapengo, matofali yanapanda mpaka juu, na umekwisha.

Mwanzo nilikadharau. Plastiki tupu, rangi ya majivu, kioo kidogo kuliko kiganja, na vidole vyangu vya jembe vinabonyeza vitu viwili kwa mara moja. Nilikwisha haraka, nikakwisha tena. Ndipo nikaona: kumbe hii ni stoo yangu. Refu unalilaza, fupi linaziba pengo, na usiache tundu chini. Mimi nimepanga magunia tangu nikiwa bibi arusi. Kamashini hakakunifundisha kitu, kalinikimbiza tu.

Jioni mwenyewe akatuma kachukuliwe, naye acheze. Asubuhi nikakakuta juu ya stuli mlangoni.

"Anasema uangalie ile namba ya juu, ya pointi," binti yangu akaniambia. "Ni yake."

Shule sikukaa sana, lakini namba kubwa naijua. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeipita, nikarudisha kamashini kwa stuli, nikajifanya nasali.

Jioni ile nikasikia mwanaume sebuleni akisema, "Haiwezekani, bana." Halafu akacheka. Tangu aje kuposa sikuwa nimesikia kicheko chake. Ni kicheko kizuri, kinatoka tumboni.

"Mwambie mama," akamwambia mke wake, kwa sauti ya kunifikia mimi, "si angeniachia hata heshima kidogo kwa nyumba yangu."

"Mwambie," nikauambia ukuta, "hiyo heshima aipange vizuri. Ameacha matundu."

Siku hiyo nikatoa nguo zangu kwa begi.

Tulienda hivyo mpaka wiki zikaisha. Yeye alikuwa na siku zake za kushinda, mimi nilikuwa na zangu, ingawa zangu zilikuwa nyingi na sitaficha. Hatukuonana uso hata mara moja. Plasta ilipotolewa, daktari akanitembeza huku na huku akasema mguu umeunga sawasawa. Sasa naingia kanisani kama zamani, na wanaotaka kuangalia waangalie.

Asubuhi ya kuondoka nikakuta kamashini ndani ya kikapu changu, na waya wake wa chaji umekunjwa vizuri. Nilitaka kushukuru, lakini ningeshukuru vipi? Kupitia kwa binti yangu ingekuwa kidogo. Uso kwa uso haifai.

Nilipita na mkongojo wangu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, naye ameketi ndani, amenipa mgongo, jinsi inavyotakiwa. Nikasimama. Nikakohoa, mara mbili.

 Bila kugeuka, naye akakohoa.