Redio Iliyonyamaza Kwenye Jina la Mukalay

Harufu ya asidi ya Shituru huanza kooni kabla haijafika puani. Asubuhi za mvua, ukungu ulipolala juu ya mabati ya kambi yetu ya wafanyakazi pale Likasi, moshi wa kiwanda cha shaba ulikosa njia ya kupanda, ukarudi chini kwetu, ukaingia kwenye blanketi, kwenye bukari, yaani ugali wetu, hata kwenye nywele za watoto wachanga. Mgeni alikohoa akifika. Sisi tuliozaliwa mle tulikohoa tukienda mahali penye hewa safi. Nguo zilizoanikwa upande wa upepo zilitoboka vitundu vidogo kama zimeumwa na mchwa, na mtu wa Shituru ulimtambua sokoni kwa shati lake tu. Baba yangu alifanya kazi katika ukumbi ambamo shaba husafishwa kwa umeme. Mlikuwa na mabirika marefu ya saruji yaliyojaa maji ya asidi ya buluu, mabati yakining'inia ndani yake, na umeme ukipita humo shaba hutoka majini ikaganda kwenye bati, polepole, kama ukoko kwenye sufuria. Akitoka nyumbani alituambia, "Minye naenda kupika shaba." Yashikeni hayo mabirika akilini, nitayarudia, maana ndiyo yaliyotuponza.

Mimi shule niliiacha mapema, hesabu za kugawanya sikuzikuta. Lakini ugonjwa wa mashine niliurithi kwa baba na haujanitoka mpaka uzee huu. Mjukuu wa dada yangu, Deborah, ninayekaa naye na ambaye huniita Kambo, yaani bibi, hunisomea kwenye simu habari za sayansi kila jioni, na wenzangu wa kanisani husema bibi huyu badala ya kuhesabu zaburi anahesabu kamera za simu. Wacha waseme. Mimi nasema simu za siku hizi ni nzuri sana, ila nazilaumu kwa jambo moja: zimefungwa kwa gundi. Kitu kisichofunguka hakikufundishi kitu. Betri ikivimba, huwezi kuitoa. Unampelekea kijana wa pale sokoni, anaichokoa kwa kisu cha plastiki, anakurudishia simu yenye kioo kinachotetemeka. Na hiyo betri, ndugu zangu, imetoka hapa hapa. Vijana wanashuka kwenye mashimo ya Kamatanda na kamba kiunoni, wanapandisha mawe ya kobalti kwenye magunia, mawe yanaondoka, halafu yanaturudia yameng'arishwa, yana picha. Lakini nimeshapotea. Nilikuwa kwenye redio ya baba.

Ilikuwa redio ya mbao na kitambaa cha rangi ya majani makavu, na ilikula betri kubwa, sisi tulisema mapile. Baba aliipenda kwa ajili ya kipindi kimoja cha mambo ya sayansi. Alikisikiliza amevaa viatu, kama mtu aliye kazini, na kesho yake alikipeleka mtaa mzima: watu wamefika mwezini, moyo wa mtu umehamishiwa kwa mwingine, huko mbali kuna mashine kubwa kama nyumba inayohesabu yenyewe. Jirani yetu Baba Kasongo, mtu mwenye ulimi, alikuwa akimngoja kibarazani.

"Ba Mukalay, leo bazungu bako bahamisha nini tena?"

"Weye cheka tu. Siku moja ile mashini ya kuhesabu itaingia mu mufuko ya shati yako."

"Mufuko ya shati ya Shituru? Itapita mu kitundu, itaanguka!"

Mtaa ulicheka, na baba alicheka kuliko wote. Sikilizeni walivyomwita: Ba Mukalay, yaani Baba Mukalay. Kwetu mtu akishazaa, jina lake linalala, anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Baba na mama walikuwa na majina yao ya ubatizo, lakini sikuwahi kusikia yakiitwa. Kutwa nzima, kisimani, kazini, kanisani, watu walikuwa wakilitaja jina la kaka yangu bila hata kumfikiria.

Mukalay ndiye aliyenilea mgongoni. Nakumbuka kisogo chake kuliko uso wake: kisogo chembamba, chenye kovu la jiwe, kinachonuka sabuni ya kipande. Alipokuwa kijana alipanda treni kwenda Kolwezi kutafuta kazi, mama akamfungia bukari na samaki wakavu katika kitambaa chake mwenyewe cha kichwani. Hakuwa amemaliza hata msimu mmoja, vita vikaingia upande ule. Treni zikasimama. Barua zikasimama. Watu waliokimbia walipita Likasi na miguu imevimba, na kila mmoja mama alimshika mkono akamuuliza, na kila mmoja alisema, "Mama, kule kila mutu alikimbia njia yake."

Ikabaki redio. Kila jioni baada ya habari, wakati makaa yamewashwa kwenye mbabula na maji ya bukari yanachemka, walisoma matangazo ya watu. Kwanza waliopatikana wazima. Kisha ukapigwa muziki mfupi wa kinanda, wa taratibu, ambao mpaka leo nikiusikia kanisani natoka nje. Baada ya muziki walisoma waliokufa. Maneno yalikuwa yale yale kwa wote: jamaa ya fulani wanajulishwa kwamba. Muziki ndio uliotenganisha uhai na kifo. Majirani waliokuwa na mtu upande ule walikuja na viti vyao, wakakaa kimya uani kwetu, hata Baba Kasongo, ambaye shemeji yake alikuwa huko. Kinanda kikianza, wanawake walishikana mikono. Tangazo la mwisho likiisha bila jina la mtu wako, ulirudi nyumbani na kiti chako, hujafurahi, hujalia. Wanasema subira huvuta heri. Wanasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na wa pili hao ndio waliokuwa wanatujua.

Mapile yakaanza kufa. Madukani hayakuwapo, kwa sababu yaliletwa na treni. Tukafanya kama kila mtu: mchana tuliyaanika juu ya bati yapigwe na jua, jioni tukayapanga karibu na mbabula yapate joto, yakatoa sauti kidogo kama mgonjwa aliyeinuliwa anywe uji. Baba aliacha kipindi chake cha sayansi. Hakuna aliyemwambia aache. Saa yake ilipofika alikaa mbele ya redio iliyozimwa, amevaa viatu, mikono magotini. Sauti ikawa inapungua kila jioni, watu wakasogeza viti, mwisho vichwa vyetu vikawa vimeigusa redio kama mbuzi kwenye beseni moja. Siku moja hata joto halikusaidia. Tulisikia mlio kama wa nzi, halafu hapana kitu. Mama aliipiga redio kofi. Sikuwa nimewahi kumwona akipiga kitu wala mtu. Akaipiga tena, akasema, "Sema! Minye niko mama yake, sema!"

Ndipo baba alipoyafikiria mabirika ya kazini kwake. Alikuwa amesikia katika kipindi chake kwamba shaba na zinki vikiwekwa ndani ya asidi vinazaa umeme. Na ni kweli, vinazaa. Alikusanya chupa za jamu, akapata vipande vya shaba, akakata zinki kutoka kwenye maganda ya mapile yaliyokufa, akaunganisha chupa kwa chupa na nyaya. Asidi haikuwa shida, nani wa Shituru hakuwa na chupa ya asidi nyuma ya choo? Mtaa mzima ulikuja kutazama, na mtaa mzima ulikuwa na ushauri mmoja, ushauri ambao ungetoka kambini kwetu tu, kwa watu walioishi na asidi mpaka wakaiheshimu kama chifu.

"Ba Mukalay, usiichanganye na mayi," alisema Baba Kasongo, akiionyesha ndoo ya maji. "Asidi ya mayi-mayi itazaa moto ya mayi-mayi. Mimina kali!"

"Njo vile," wakasema wengine. "Kama inakula shati, itashindwa kuamusha redio?"

Baba alimimina kali. Zinki ikachemka kama mafuta, ikatoa moshi mweupe, watu wakarudi nyuma wakipiga makofi. Leo najua kosa lilikuwa wapi, nimeona kwenye simu mtoto wa shule akitengeneza kitu hicho hicho mezani. Asidi kali inaitafuna zinki kabla haijafanya kazi, na mapovu yanaivika shaba koti, umeme unakosa njia. Ilitakiwa maji mengi, asidi kidogo, na zinki nene. Maji yalikuwepo. Ndoo ilikuwa imejaa pale pale mlangoni.

Waya mmoja ulikataa kukaa. Baba alihangaika nao, vidole vinaungua, saa ya habari ikapita, matangazo yakaanza redio yetu bado iko kimya. Mama alisimama na mwiko wa bukari mkononi. Halafu redio ikaamka, kwa nguvu, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu ilipokuwa mpya, na watu wakapiga kelele ya furaha, na mama akawanyamazisha kwa mwiko. Mtangazaji alimaliza jina la mtu wa Kambove. Akavuta pumzi, niliisikia ile pumzi. Akasema: "Jamaa ya Mukalay, Likasi, kambi ya Shituru, wanajulishwa kwamba mtoto wao..."

Sauti ikazama. Haikukatika, ilizama, kama ndoo iliyoponyoka kamba kisimani. Chupani zinki ilikuwa imekwisha, umebaki uji wa kijivu. Baba aliingiza mkono ndani ya asidi kutafuta kipande kilichobaki.

"Kinanda ilikwisha kupigwa?" mama aliuliza. "Bantu, ninauliza. Kinanda ilikwisha kupigwa ao bado?"

Hakuna aliyejua. Tuliwasha tumechelewa.

Asubuhi baba alikwenda kwa miguu mpaka mtaa wa Panda, mkono umefungwa kitambaa, akauliza kila nyumba yenye redio. Mwanamume mmoja aliapa jina alilisikia kabla ya kinanda. Mwanamke wa nyumba ya pili aliapa lilikuja baada yake, na akaanza kulia, baba akamwomba asilie. Wengine walisema hawakusikia Mukalay yeyote. Tangazo halikurudiwa. Treni zilipoanza tena, baba alikwenda Kolwezi, akakuta chumba cha kaka yangu kinakaliwa na watu wasiomjua. Alirudi na kitambaa cha kichwani cha mama. Kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa, na hata hicho hakikutuambia kitu, kwa sababu mzima hukunja nguo zake, na marehemu hukunjiwa zake.

Na kwetu kilio hakifanywi kwa kubahatisha. Ukimlilia mtu aliye hai, umemwita kaburini. Kwa hiyo hatukukaa chini, hatukuzima mbabula, hatukunyoa nywele. Hatukuchinja kuku wa shukrani pia. Majirani hawakujua wawaiteje wazazi wangu. Kulitaja jina kulikuwa kama kutonesha kidonda, basi Baba Kasongo, kwa huruma, akaanza kumwita mama kwa jina langu: Mama Ngoie. Mama alipita bila kuitika. Alimwita tena. Mama akageuka: "Mama Ngoie ni nani? Mimi niko Mama Mukalay." Aliitikia jina hilo peke yake mpaka siku tuliyomzika, na kwenye msalaba wake ndilo tuliloandika.

Baba hakugusa tena nyaya. Mara moja tu, mama alipokuwa akizitupa zile chupa, nilimsikia akisema, "Redio njo ilikufa. Sauti haikukufa, iko inaenda mbele tu." Mama aliendelea kutupa. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyevunjika.

Sasa mashine ya kuhesabu imeingia mfukoni, kama alivyosema. Nimemwambia Deborah aandike jina la kaka yangu ndani ya simu. Walitoka akina Mukalay kibao: mwanasheria, mchezaji mpira, mchungaji mwenye gari jeupe. Nilimtaka kila mmoja ageuke nione kisogo. Wanasema mtafuta hachoki, na akichoka keshapata. Mimi nimechoka, na sijapata.

Wenzangu wa kanisani walinishauri tufanye maombi ya kumaliza, kilio kidogo, viti vichache uani, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho niliyemjua, na nikifa hatabaki wa kumlilia wala wa kumngoja. Nilikubali. Viti vililetwa Alhamisi. Jioni yake Deborah akanisomea habari: wataalamu wanasema mawimbi ya redio yakishatoka kwenye mlingoti, mengine hutoboa anga, yakaendelea kwenda, yakidhoofika, bila kurudi. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

"Kuko mashini ya kuishika ile sauti ya zamani?"

"Kambo, utapita je mbele yake? Inakimbia kuliko kila kitu." Alikuwa anacheka, akaniona uso, akaacha.

Kwa hiyo liko huko. Tangazo zima, na kinanda kabla yake au baada yake, na neno lile lililofuata baada ya "mtoto wao", linapita nyota ambazo hazina mtu wa kulisikia, na kila jioni liko mbali zaidi na uani kwetu kuliko jana. Nimemwambia Deborah arudishe viti vya kilio. Amenitazama kama nilivyomtazama mama siku aliyoipiga redio kofi, lakini amevirudisha. Simu iko mbele yangu mezani, alama yake ya betri ni ya kijani, imejaa. Ina nguvu za kusema mpaka kesho, na haina la kuniambia.