Nilinunua bastola ya shabaha Riyadh, nikaikuta Jeddah mkononi mwa mtoto wa kafili wangu

Wakuu, natumai mko salama humu ndani.

Ninachokileta leo kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Atakayeona ni chai apite taratibu. Aliyewahi kukaa Saudia atanielewa kabla sijafika katikati.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi mwenye diploma ya mechanical, na ada yake nililipa kwa kubeba zege kila likizo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Saudia nilikwenda kama fundi wa mitambo ya baridi, na leo nina karakana yangu Morogoro, vijana wananiita bosi. Nawaambia haya ili mjue sibabaishwi kirahisi.

Siku ile nilibabaika.

Riyadh nilikuwa chini ya mzee mmoja, tumwite Abu Fahad, mwenye maghala ya kugandishia kuku na nyama. Huyo ndiye alikuwa kafili wangu. Kwa wasiojua, kafili ni mwajiri ambaye upo nchini kwa jina lake. Ikama yako, yaani kibali cha kukaa, inapita kwake. Akinuna, nawe unakosa usingizi.

Abu Fahad alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Siku AC ya ukumbi wao ilipokufa, akanituma mimi. Nikakuta watu wazima wamesimama kwenye mstari, kimya kabisa, kila mmoja kanyoosha mkono mmoja na bastola ya upepo, wanalenga karatasi ndogo kule mbele.

Wakuu, hizi si bastola za kuua mtu. Zinasukuma kidonge kidogo cha risasi kwa hewa iliyobanwa kwenye mtungi mwembamba chini ya mtutu. Ni za michezo.

Nilipomaliza AC, mtunza stoo ya silaha, Msudani anaitwa mzee Osman, akanipa nijaribu. Akaiangalia karatasi yangu, akaniangalia mimi, akasema nirudi Ijumaa.

Nikarudi Ijumaa ile na Ijumaa nyingine zote. Sijisifu bure: ndani ya mwaka nilikuwa nawapita watu waliokuwa na vifaa vya bei ya gari, mimi nikitumia bastola ya kuazima iliyochakaa.

Nikaamua kununua yangu.

Hapa nitulie kidogo kwa ajili ya wanaotaka kuingia kwenye mchezo huu, maana wengi hupotea hapa. Kulikuwa na mbili zinauzwa pale klabuni. Moja mpya, inang'aa, rangi nyekundu na nyeusi, kila mtu anaitolea macho. Nyingine ya mzee aliyestaafu mchezo, rangi imechujuka, ila triga yake inakatika safi, haina mkwaruzo.

Mzee Osman akaniambia, "Fumba macho. Inua mkono kama unalenga. Sasa fumbua. Sight za kulengea zikiwa hazijakaa sawa, hiyo bastola si yako, hata kama ni nzuri."

Ile nyekundu nilipofumbua macho ilikuwa inaangalia dari. Ile iliyochujuka ilikuwa imekaa karibu sawasawa kabisa. Nikaichukua. Akiba yangu yote ya mwaka ikaenda hapo, na sikujuta.

Sasa, utaratibu wa klabu ile ni kwamba mgeni haandikishi silaha kwa jina lake, hata ya upepo. Lazima mwanachama raia aiandikishe kwake, ikae stoo, na ni yeye au mtu wa familia yake anayeweza kuitoa nje ya klabu. Abu Fahad akaweka sahihi huku akicheka. Mimi nikamwambia mzee Osman, kumbe hapa hata bastola ina kafili. Akacheka mpaka akaketi.

Niliona ni jambo la kawaida. Mimi mwenyewe niko kwa jina lake na bado ni mtu wangu mwenyewe, nikadhani na bastola ni hivyo hivyo.

Kilichonifunga kabisa na ile bastola ni mpini. Mpini wa bastola ya shabaha ni wa mbao, na unachongwa ufuate mkono wako wewe. Unapaka wood filler, ule udongo wa kuzibia mbao, unashika, inakauka na alama zako, unapiga tupa, unapiga msasa, unashika tena. Nilifanya hivyo miezi. Mpaka ikafika nikiushika nasahau kuwa nimeshika kitu. Kidole changu cha kati kina kovu la mashine tangu chuoni, na kovu hilo lilikuwa na kijia chake kwenye ile mbao.

Baadaye nikahamishiwa Jeddah, bandarini, kusimamia makontena ya baridi. Bastola ikabaki Riyadh.

Mashindano ya wazi yakatangazwa, yanafanyika Jeddah, na wageni tunaruhusiwa kushiriki kupitia klabu zetu. Nikaandikishwa. Abu Fahad akaniahidi kwenye simu: akija na familia kwenye nyumba yao ya mtaa wa Al-Hamra, hapo hapo Jeddah, atakuja na bastola yangu. Mafi mushkila, akasema, hakuna tatizo.

Siku moja kabla ya mashindano ni siku ya ukaguzi wa silaha. Nikaoga, nikavaa tisheti ya klabu, nikafika ukumbini mapema.

Nikamwona Fahad, mtoto mkubwa wa bosi, mtu mzima mwenye mke, kasimama kwenye foleni ya ukaguzi. Mkononi ana bastola.

Rangi imechujuka. Mtutu ni ule ule. Lakini mpini ni mwingine. Mpya, mkubwa, umepindapinda una madoido, umepakwa vanishi kama kitanda cha harusi.

Nilisimama pale kama mtu aliyekuta mkewe sokoni na mume mwingine.

Nikamfuata Abu Fahad aliyekuwa ameketi na kahawa yake. Nikamsalimia vizuri, maana ikama yangu ilikuwa karibu kuisha na yeye ndiye wa kuihuisha. Nikamuuliza kwa adabu, baba, ile si bastola yangu?

Akasema Fahad aliitoa stoo mwenyewe, akaipenda, akaona aingie nayo kwenye mashindano. Mimi nitapata ya kuazima.

Nikamwambia niliinunua kwa jasho langu.

Akauliza, "Karatasi inasema ya nani?"

"Inasema yako, baba."

"Basi tatizo liko wapi?"

Na kilichonishtua zaidi, hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. Alinisogezea na tende nile. Kwake yeye mimi ni wa nyumbani, vyangu ni vya nyumbani, na vya nyumbani ni vya Fahad. Nikashika ile tende sikujua niifanye nini.

Nikamuuliza Fahad mpini wangu uko wapi. Akasema, "Kile kibao? Nilikitupa kule nyumbani, siku kadhaa sasa."

Alikitupa.

Nilikwenda kuketi nje kwenye ngazi. Nilikuwa nafikiria kuacha mashindano, kuacha kazi, kuacha kila kitu. Ndipo nikasikia zogo ndani, nikarudi kuangalia.

Sasa sikilizeni. Kwenye mchezo huu kuna sanduku la kupimia. Bastola yako yote, na mpini wake, lazima iingie mle ndani. Isipoingia, huruhusiwi. Bastola yenye ule mpini wa madoido haikuingia. Mkaguzi akajaribu hivi, akajaribu vile, akaisukuma nyuma mezani. Rudisha mpini wa mwanzo au ondoka. Ukaguzi unafungwa alasiri.

Abu Fahad uso ukambadilika. Alikuwa amewaalika ndugu zake waje kumwona Fahad. Akapiga simu nyumbani.

Pale Al-Hamra alikuwa anafanya kazi dada mmoja Mkenya, Nafula, mtu wa Bungoma. Tulifahamiana nilipokwenda kutengeneza friji ya madam, mke wa bosi. Bosi akanikabidhi simu niongee naye kwa Kiswahili ili ielezeke haraka.

Nikamuuliza kama ameona kipande cha mbao, kina umbo la mkono mtu akikunja ngumi.

Akasema, "Fundi, hiyo kitu iko hapa jikoni. Niliitoa kwa takataka, mbao poa hivyo siwezi tupa. Nimeiweka chini ya mlango, inashikilia mlango vizuri ajabu. Nani anaitaka?"

"Mimi. Ni mpini wangu."

"Woi. Sasa mlango wangu utashikwa na nini?"

Wakuu, nilicheka huku machozi yananitoka. Miezi ya tupa na msasa, imezuia mlango wa jikoni ili madam asipigwe na harufu ya vitunguu.

Dereva akamleta Nafula na mbao imefungwa kwenye kitambaa cha vyombo. Upande mmoja umekwaruzwa na sakafu, lakini nilipoukunja mkono juu yake, kovu likaingia kwenye kijia chake. Kila kitu kipo.

Nafula akaangalia mkono wangu, akaangalia mbao. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe nimekuwa nikipiga teke mkono wako kila asubuhi. Pole, Fundi."

Nikaufunga mpini na allen key yangu mwenyewe, mbele ya Abu Fahad. Bastola ikaingia kwenye sanduku kama droo. Mkaguzi akagonga muhuri.

Nikampa Fahad. Mzee Osman, aliyekuwa amekuja na klabu kutoka Riyadh, akamwambia kwa upole afumbe macho, ainue, afumbue. Fahad alipofumbua, bastola ilikuwa inaangalia taa ya kutokea mlangoni. Vidole vyake vinene havikupata pa kukaa. Akarudia. Taa ile ile.

Ndugu za bosi walikuwa wanatazama. Pale nikaona nikinyamaza nimekwisha. Nikasema: "Baba, karatasi ni yako, sibishi. Hii mbao haina karatasi. Nimeichonga mimi."

Nilijua naweza kuwa nimeichoma ikama yangu pale pale.

Abu Fahad akaichukua bastola kwa mwanawe, akaishika mwenyewe, akaona vidole vyake navyo vinapotea. Akaangalia mkono wangu. Akanikabidhi.

"Yalla, haya," akasema. "Kesho piga wewe. Halas, yameisha."

Kesho yake nilipiga. Nilimaliza wa nne kati ya watu waliokuwa na makocha wa kulipwa, na wa kwanza kati ya wageni. Alama zile sijawahi kuzifikia tena. Abu Fahad alipiga makofi kuliko wote. Kisha akaichukua bastola, akapiga nayo picha na ndugu zake, akaifunga kwenye begi lake.

Ikama alinihuishia bila neno. Tulikaa vizuri mpaka mwisho. Nilipokuwa naondoka moja kwa moja, alinipa bahasha kama fidia ya bastola. Sikuipokea. Nilimwambia naomba mbao yangu tu. Alicheka akidhani natania, akaona sitanii, akamwagiza Fahad aifungue skrubu. Fahad alinikabidhi kwa mikono miwili, na akaniomba radhi. Hilo nalo sikulitarajia.

Uwanja wa ndege wa Jeddah askari aliigeuzageuza, akauliza ni nini. Nikaishika, akaona. Akaniambia nipite.

Leo nipo kwenye klabu moja hapa nchini, vibali ni vyao, stoo ni yao, na wana bastola ya aina ile ile. Kila nikifika natoa mpini kwenye begi, nafunga skrubu moja, nafumba macho, nainua mkono.

Nikifumbua, sight zimekaa.

Nilichojifunza, wakuu: ukiwa ugenini, kabla hujalipia kitu, uliza kwanza kitaitwa cha nani ukiwa hupo. Na kwenye kila kitu tafuta ile sehemu ambayo hakuna anayeweza kuishika isipokuwa wewe. Ipiganie hiyo.

Mbao ya kuzuia mlango wa Nafula nilimchongea mpya kabla sijaondoka, nzuri kuliko ile.

Waliokaa Saudia, Oman, Qatar, nyie mlinunua nini kikaandikwa jina la kafili, na kiliishia wapi? Na mnaopiga shabaha mniambie mnachongaje mipini yenu. Wa kusema chai nao karibuni, ila mje na mikono yenu tuijaribu kwenye mbao hii.