Jina la Jirani Ukutani

Mwanangu anabandika picha kwenye daftari lake kwa gundi ya unga wa muhogo, na harufu yake ya uchachu imenirudisha kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kule Chanzuru, ilipobandikwa orodha ya wapiga kura.

Mama na wanawake wenzake waliwasomea kwa sauti wasiojua kusoma. Kulikuwa na maneno kwamba wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa wataondolewa kwenye orodha. Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alisimama hapo, kibuyu cha maziwa mkononi, Mama akipitia orodha mara mbili bila kuliona jina lake.

"Mmemfuta!" Mama akamfokea karani. "Leo hatutoki hapa!"

Karani, kijana mpole, akamgeukia jirani. "Shikamoo, mama. Ulipojiandikisha ulitaja jina gani?"

"Marahaba. Nililopewa na baba yangu."

Sote tulimwita jirani kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kwenye orodha Mama alikuwa ametafuta jina la mume wa jirani. La jirani mwenyewe hakulijua.

Jirani akalitaja taratibu. Lilikuwepo, karibu na juu kabisa, gundi ikiwa bado mbichi. Mama alicheka mpaka akakaa chini, khanga usoni.

"Miaka yote nakunywa maziwa yako," alisema, "sijawahi hata kukuuliza!"

Njiani kurudi alimwita kwa jina lile tena na tena, bila sababu yoyote. Na kila mara jirani aliitika, "Abee."