Gari ya Kumshusha Mama Mkwe

Nauza viatu vya mtumba Chikongola, hapa mjini, na meza yangu imeegemea ukuta wa gereji. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza. Lakini kwa miaka niliyokaa pale nikiwasikiliza mafundi wakibishana, ukoo mzima wa mke wangu ukaamini kwamba mimi ni mtu wa magari. Sikuwakatalia. Ukipewa cheo cha bure unakaa kimya na kukivaa.

Ndiyo maana mama mkwe alipotaka kununua gari, kazi ya kuikagua wakanipa mimi.

Magoti yake yalikuwa yameshagoma. Anakaa kijijini Madimba, kliniki iko mjini, na kila safari ya kliniki ilikuwa lazima abebwe ndio aingie kwenye gari. Wanawe wa kiume wako mbali. Mimi ni mkwe, na kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hata maongezi yetu yalikuwa yanapita kwa mke wangu, anasimama katikati kama mkalimani, na wote watatu tunaongea Kiswahili kilekile. Basi wanaitwa majirani wawili, mmoja anashika makwapa, mwingine miguu, mimi nimegeuka naangalia paa la nyumba kama fundi bati.

Siku moja nikamsikia anamwambia binti yake, "Nabebwa kama gunia la korosho. Tena korosho afadhali, wanazishusha taratibu."

Alikuwa amebakiwa na shamba moja tu la mikorosho. Akasema analiuza, anunue gari atakayoingia mwenyewe bila kushikwa na mwanaume wa mtu. Kwa hiyo nikichagua mkweche, mama wa watu hana shamba, hana gari, na kubebwa kuko palepale. Mke wangu alinikumbusha hilo kila akinipakulia chakula, mpaka ugali ukawa haushuki.

Gari yenyewe ilikuwa ya jamaa mmoja wa bandarini, mtu wa Songea. Gari ya familia, injini ya petroli, viti saba, milango ya pembeni inajitelezesha kwa umeme. Na kiti cha katikati upande wa kushoto ndicho kilichotupeleka kule. Unabonyeza kitufe, kiti kinageuka kuangalia mlangoni, kinatoka nje, kinashuka mpaka usawa wa kigoda. Mtu anakaa, unabonyeza tena, kinapanda naye mpaka ndani. Japani huko wanawatengenezea wazee wao.

Mara ya kwanza kukiona kile kiti nilitoa macho kama mtoto. Mara ya pili nikaanza kujiuliza: kitu kizuri namna hii, kwa nini kinauzwa?

"Kwa nini unauza?" nikamuuliza.

"Nimechoka kupendwa," akasema. "Nikipita nayo tu, wakwe wanajitokeza."

Shida yangu ilianzia hapo. Watu wa Songea ni watani wetu. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, kwenye msiba, kwenye harusi, popote, na wewe huruhusiwi kununa. Sasa utanunuaje gari kwa mtu ambaye kila neno lake lina ruhusa ya kuwa uongo?

Nikaamua kuikagua mwenyewe. Nikafungua boneti nikaitazama injini kwa muda mrefu, nimekunja uso. Injini ilikuwa safi. Safi mno. Mafundi wa gereji yetu husema injini iliyooshwa inaficha mahali inapovuja mafuta. Nikatazama kilomita, zilikuwa chache, nikajiambia zimerudishwa nyuma. Zingekuwa nyingi ningesema imechoka. Ukiwa na roho kama yangu gari haiwezi kukushinda.

Nikawasha. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi, inaongea Kijapani, kwa upole, sentensi nzima.

"Anasema nini huyu?" nikauliza.

"Anasema dereva mpya ana sura ya mdaiwa," mtani akajibu.

Moyoni nikawa na uhakika yule dada anataja ubovu wote wa gari, mmoja baada ya mwingine, ila kwa lugha ambayo mnunuzi hawezi kumshitaki.

Tukaenda mpaka Mikindani na kurudi. Kwenye tambarare ilikuwa tulivu, husikii gia ikibadilika, inavuma sauti moja tu kama blenda ya juisi. Hilo nalo likanitia wasiwasi: gia isiyosikika iko wapi? Kwenye mlima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ilivuta pumzi kidogo. Nikazima kiyoyozi, ikapanda bila maneno. Petroli haikula sana, na mshale wa mafuta ulikuwa umeganda mahali pamoja mpaka nikakigonga kioo chake kwa kidole nione kama umekufa.

"Gonga tu," mtani akasema. "Ukivunja, kioo ni cha kwako na gari ni ya kwako."

Tuliporudi akanionyesha kiti. "Sikiliza, mtani. Hiki kiti kina adabu za kwenu. Mlango usipofunguliwa wote, hakiingii ndani. Kinakaa nje kinasubiri kukaribishwa."

Nikacheka sana. Nikamwambia hata mimi nilioa kwa utaratibu huo. Akacheka na yeye, akanipa funguo niende nayo Madimba siku hiyo, mama aikalie mwenyewe kabla hatujasema neno la bei. Kunipa gari kirahisi vile kukanitia wasiwasi upya. Mtu mwenye gari nzima angeniachia mimi?

Tukaenda, mimi na mke wangu. Tukapita jirani na mitambo ya gesi. Sijazoea kupita pale bila kusema neno, nikamwambia mke wangu gesi inatoka kwetu inakwenda Dar kwa bomba, halafu petroli yetu inakuja huku kwa lori, na hata hilo lori silijui lilikotoka. Akaniambia niangalie barabara.

Nikaegesha uani, upande wa mlango ukatazama baraza. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge kipya. Mke wangu akabonyeza, mlango ukajifungua, kiti kikageuka, kikatoka, kikashuka. Mama akajisogeza kutoka kwenye kigoda chake, akahamia kwenye kiti bila kushikwa na mtu. Akakaa. Akapapasa mikono ya kiti. Mke wangu akaanza kufuta macho kwa ncha ya khanga.

Hapo gari ikalia, pii pii. Mimi nikashituka. Mlango unaojifungua wenyewe hushindwa nini kujifunga wenyewe? Nikauona unakuja, unamkata mama miguu, na mtani anakunywa soda bandarini. Nikaokota kipande cha kuni. Niliona pa kukichomeka, kwenye njia ya chini unapotelezea mlango, lakini ili kiingie ilibidi niusukume mlango mbele kidogo, kama upana wa kiganja. Nikachomeka. Ukakaza. Nikapangusa mikono, mwanaume.

"Mpandishe," nikamwambia mke wangu.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kiti kikanyanyuka kidogo juu ya mchanga, kikagoma. Mama mkwe yuko nje ya gari, hayuko chini, hayuko ndani, miguu inaning'inia juu ya mchanga.

"Nilijua," nikasema. "Mota imekufa. Nilijua tangu kule."

"Ulijua nini na gari umeileta?" mke wangu akauliza.

Majirani walikuwa wameshaanza kusogea kwenye ua wa makuti. Yule wa makwapa alikuwa anakunja mikono ya shati. Mama akamwona. Akageuza uso upande wa pili, akakishika kitenge chake kwa nguvu magotini, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Nikampigia mtani, nikaweka sauti ya nje.

"Kiti chako kimekufa, na mama mkwe yuko juu yake."

"Mlango umefunguka wote?"

"Achana na mlango. Nauliza mota."

"Nami nauliza mlango. Si nilikwambia hakiingii ndani kama hujafungua wote?"

"Mtani, leo si siku ya utani."

"Ndiyo hapo sasa," akasema. "Na mimi mama yangu nilimwagizia gari hii, akakaa mara moja, akasema anajisikia kama nguo iliyoanikwa. Ndiyo maana nauza. Hilo nalo hutaliamini."

Sikuliamini. Nikamtazama mke wangu, nikamwambia huyu anatupotezea muda, twende tukamlete fundi mjini. Hapo ikatoka sauti ambayo haijawahi kunisemesha moja kwa moja tangu nioe.

"Mkwe," mama akasema, anatazama mbele. "Nani kaweka kuni pale?"

Nikaitazama kuni kama naiona mara ya kwanza.

"Nauliza, nani kaweka?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na wasiwasi mlango utajifunga."

"Haya. Anayening'inia ni mimi, na mimi sina wasiwasi. Itoe."

Nikaenda nikaivuta. Ilikuwa imekaza, nikaivuta nimekanyaga tairi, nikaanguka nayo kwa makalio mchangani mbele ya mama mkwe, jambo ambalo nalo kwetu halina utaratibu. Mke wangu akausukuma mlango nyuma mpaka mwisho, ukalia tik. Akabonyeza. Kiti kikapanda taratibu, kikageuka, kikamwingiza mama ndani kama droo ya kabati. Kwenye simu mtani alikuwa bado yupo, namsikia anavyopumua akijizuia kucheka.

Majirani wakarudi makwao. Yule wa makwapa alionekana kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Mama akaomba rimoti ya kile kiti, akaishika mwenyewe. Akajishusha. Akajipandisha. Akajishusha tena, hata hatukumuuliza. Halafu akasema, safari hii kupitia kwa mke wangu kama kawaida, "Mwambie mumeo anipeleke shambani."

Shamba hakuwa ameliona tangu magoti yagome. Njia ya kule ni mchanga, na gari ni ya chini. Nikaenda nimekaza meno, nikiamini tutazama. Tairi zikateleza mara mbili, mkia ukacheza, injini ikalalamika kidogo, ikavuta. Tukafika ukingoni mwa shamba, nikafungua mlango wote, mpaka mwisho, nikahakikisha kwa mkono. Mama akajishusha kati ya mikorosho yake.

Akakaa muda. Akaihesabu miti kwa kidole. Akaona mahali jirani alipokuwa ameanza kusogeza mpaka, akautazama mpaka ule kwa jicho ambalo nilimshukuru Mungu halikunielekea mimi.

"Siuzi lote," akamwambia mke wangu. "Kile kipande cha bondeni kiuzwe. Hiki cha huku kibaki, maana huku nafika."

"Bondeni peke yake haitoshi bei ya gari, mama," mke wangu akasema.

"Basi mumeo amwambie mtani wake apunguze. Kanianika mbele ya majirani."

Nikapiga palepale. Nikamweleza, nikasubiri matusi. Mtani akasema, "Sawa, mwambie mama bei imekubaliwa. Siku ya kliniki aje nayo mjini, tuandikishane."

Mama akajipandisha, akafunga mkanda. Mimi nikakaa kwenye usukani nikiwaza kwa nini amekubali haraka vile.