Tufaha Kwenye Friji, Tufaha Kwenye Moshi

Nilikuwa mpishi mwenye kiburi, sioni haya kusema. Nilipikia familia moja ya Kihindi pale Thika, juu ya duka lao la vitambaa, na kufikia mwaka wa pili niliamini kabisa kwamba bila mimi wangekula mchele mbichi.

Siku moja mama mwenye nyumba alipata barua kutoka kwao, kule milimani India kunakoanguka theluji. Babake alikuwa amefariki. Ndani ya barua kaka yake alitia mbegu nane za tufaha, za mti ambao mzee aliupanda kwa mkono wake. Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu alichukua mkebe wa kakao, akaujaza mchanga wenye unyevu, akazifukia mbegu humo, akauweka ndani ya friji kando ya siagi.

"Hii lala baridi miezi mbili," akaniambia. "Bila baridi haiwezi ota. Wewe tia maji kidogo-kidogo tu. Ingine hakuna."

Niliitikia "ndiyo mama", lakini moyoni nacheka. Mbegu kwenye friji! Aiya! Kwetu Gatongora mbegu ya kupanda hukaa kwenye uchaga juu ya mafiga, ipigwe moshi, ikauke, wadudu waikimbie. Nani aliwahi kusikia mbegu ikilazwa pamoja na maziwa? Nilizihurumia, kweli. Ila zaidi nilitaka huyu mama ajue kwamba mtoto wa mkulima hafundishwi kupanda na mke wa muuza vitambaa.

Basi nikatoa nne. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikazitundika juu ya mafiga yangu nyuma ya nyumba. Ili hesabu isipungue, nilichukua mbegu nne za ndimu, nikazilowesha kwenye chai ya rangi hadi zikawa za kahawia, nikazifukia pale pale. Chai iliyobaki nilijipongeza nayo.

Miezi miwili ilipotimia, mama alimwaga mchanga kwenye sinia, akaanza kuupekua polepole kama anayechagua mchele. Mbegu nne zilikuwa zimepasuka, kila moja na kimzizi cheupe. Akapiga makofi. Mimi nilibaki mdomo wazi. Kumbe baridi inafanya kazi! Kisha akazigeuza zile nyingine. Chai yote ilikuwa imetoka. Akaiuma moja.

"Hii ndimu."

"Ndimu, mama."

"Ya baba yangu iko wapi?"

Mimi ni mtu wa kutunga uongo haraka, lakini ndimu ilikuwa tayari mdomoni mwake. Nikaenda kuzileta. Zilikuwa nyeusi, zimejikunja, zimekauka kau. Aliziweka kiganjani, akauliza ni nani aliyenifundisha hivyo. Nikaona mlango wa kutorokea.

"Mama yangu," nikasema.

"Jumapili lete yeye."

Mamangu alihangaikia pasi ya kusafiria, maana zilikuwa siku za Hali ya Hatari na mtu hakutoka Gatongora kwenda Thika hivi hivi. Alifika na kitambaa chake cha kanisani kichwani, Kiswahili chake kikiwa maneno kama kumi. Kazi ya kutafsiri ikawa yangu, nami sikulaza damu. Mama mwenye nyumba aliponishtaki kwa pumzi moja ndefu, nilimgeukia mamangu nikamwambia kwamba anamshukuru kwa kunilea vizuri.

Mamangu akatabasamu. Mwenzake hakutabasamu. Akamwekea zile mbegu nyeusi kiganjani, akaonyesha mafiga yangu kwa kidole, kisha akaonyesha picha ya mzee mmoja ukutani, iliyovishwa shada la maua, akasema, "Baba yangu. Kufa." Mamangu aliitazama picha, akazitazama mbegu, akazinusa.

"Moshi ni wa mahindi na maharagwe, mjinga wewe!" akanifokea kwa lugha yetu. "Nani alikwambia tunda hupigwa moshi?"

Halafu akamshika yule mama mkono, wakalia wote wawili bila kuhitaji mkalimani. Nilisimama pale nikiwa sina kazi. Mamangu alipojifuta macho, alinigeukia.

"Huyu amefiwa na baba, nawe umemkausha babake juu ya moto. Mwambie hivyo. Na safari hii usigeuze hata neno moja."

Nikamwambia. Sauti ilinitoka ndogo kama ya mtoto, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sikuwa na la kuongeza.